Msichana Aliyecheza Mpira na Baba Yangu

Kabla sijajua kumwonea mtu wivu kwa ajili ya mwanamume, niliujua wivu wa karanga. Zilikuwa karanga za kuchemsha, na maganda yake, mama amezifunga ndani ya kitambaa cheupe. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana baba yangu alikichukua kifurushi kile, akavaa viatu vyake vya kanisani, akavuka reli kumpelekea msichana wa umri wangu. Mimi nilimfuata nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu wakati ule sijapata kumchukia mtu kwa bidii kama nilivyomchukia yule msichana. Hakuwa amenikosea lolote, na hilo nalo liliniudhi.

Baba alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule ya misheni, hapo Kamina, nchi ikiitwa bado Zaire. Jumapili aliongoza kwaya. Watu wote walimwita Mwalimu. Mama yangu naye alimwita Mwalimu, hata alipokuwa anamwambia kwamba chai inapoa. Nyumbani alikuwa mtu mwema na mkavu. Hakutupiga. Alitununulia madaftari kabla shule haijafunguliwa, alikagua kucha zetu, alisali kabla ya chakula kwa maneno yaleyale. Lakini kucheza naye halikuwa jambo la kufikiria. Kwetu mtoto wa kike humletea baba yake maji ya kunawa, hupiga goti, huondoka. Nami nilipiga goti na kuondoka, na sikuona kasoro yoyote, kwa sababu sikuwa nimeona baba wa namna nyingine.

Yule msichana aliingia darasani kwetu katikati ya mwaka. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi kule kwenye kambi kubwa, mtu wa Kasai, na wanajeshi kama mjuavyo leo wako hapa na kesho wamehamishwa. Familia yake haikukaa kambini. Walipewa nyumba mjini, moja ya zile nyumba za zamani za reli karibu na stesheni, zenye baraza na saruji nyekundu. Siku ya kwanza alikaa benchi la mbele na soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini. Mimi nilikuwa benchi la pili. Ndiyo, nilisoma darasa la baba yangu, na nilimwita Mwalimu kama wengine.

Miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwenye karatasi zote, kwa hiyo rejista ya darasa ilijaa majina ya mababu na mabibi. Baba alikuwa akiyasoma haraka, kalamu mkononi. Alipofika kwa yule mgeni, kalamu ilisimama. Akavua miwani.

"Nani njo anaitwa hivi?"

"Njo minyi, Mwalimu." Yaani: ndiye mimi.

"Ile jina ulipewa na nani?"

"Na baba. Iko jina ya nkambo yake, mama ya baba yake."

Baba akaweka rejista mezani. Akapiga makofi mawili ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo, namna Waluba wanavyomsalimia mkubwa, akainama mbele ya mtoto mwenye soksi nyeupe.

"Wakomapo, lolo," akasema. Yaani: salamu, mama.

Darasa zima likacheka. Baba akatugeukia, na kwa mara ya kwanza niliona meno yake yote shuleni.

"Musicheke. Huyu njo mama yangu."

Msomaji wa mbali huenda akaona ni mzaha. Si mzaha. Kwetu mtu anayelibeba jina la mama yako ni mama yako, hata kama bado anabebwa mgongoni. Unamsalimia kwa makofi. Huendi kwake mikono mitupu. Akikuita, unakwenda. Naye ana ruhusa ya kukuita mtoto wake, kukutuma, kukutania, na wewe kumrudishia utani huo bila mtu yeyote kuona umekosa adabu. Waluba wa Kasai wana desturi hiyohiyo, kwa hiyo yule msichana hakuhitaji kufundishwa. Kesho yake wakati wa mapumziko alimpita baba uwanjani, akamwambia mbele ya watu, "Mutoto yangu, shati yako ile ni ya kufua," na baba, ambaye aliwahi kumpeleka mwanafunzi kwa mkuu wa shule kwa kosa la kupiga mluzi, akaitika, "Eyo, lolo."

Na hapo niseme kilichokuwa kinanichoma. Lile jina la mama yake baba lilipaswa kuwa langu. Mama alinieleza mara moja tu, tukiwa tunachambua mboga. Kabla yangu alikuwapo dada yangu, mtoto wa kwanza, naye ndiye aliyepewa jina hilo. Surua ilimchukua akiwa anaanza tu kutembea. Nilipozaliwa mimi, ndugu walitaka nipewe lilelile, na baba akakataa, akasema tafuteni lingine. Nikapewa jina la shangazi wa mama wa kule Kabongo, mwanamke mwenye mguu mbaya niliyemwona mara mbili. Sikuwahi kulalamika. Lakini nilipomwona baba anainama mbele ya benchi la mbele, nilihesabu kwa haraka: salamu zile, meno yale, vyote vingekuwa vyangu.

Hayo yote ningeyameza, kama si ile mashine.

Yule afisa alikuwa amepelekwa Ubelgiji kwa mafunzo ya miezi kadhaa. Wengine walirudi na friji. Yeye alirudi na televisheni ya rangi, na pamoja nayo kasha jeusi lenye ubao wa rangi ya mbao mbele, nyaya mbili, na vijiti viwili vya kushika mkononi, kila kijiti na kitufe chekundu. Kijiti waliita maneti. Juu ya kasha ulichomeka kaseti nene, na televisheni, ambayo siku nyingine ilionyesha mvua ya vumbi tu, ikageuka uwanja wa mpira.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa kijani kibichi, unauona kutoka juu, kama vile umepanda kwenye tangi la maji la stesheni. Kila timu ilikuwa na wachezaji watatu na golikipa. Wale watatu walikwenda pamoja siku zote, mmoja mbele na wawili nyuma, kama waliofungwa kamba moja. Ukimpeleka mmoja kushoto, wote wanakwenda kushoto. Hawakuwa na uso wala miguu ya kueleweka. Mpira ulikuwa kidoa. Ukifunga goli, skrini ililipuka cheche za rangi na sauti ya kukwaruza, na watu sebuleni walishangilia kana kwamba timu ya taifa imechukua kombe.

Jumamosi ya kwanza, siku ya posho kama tulivyoiita, yule msichana alimtuma mtumishi wao kuja kwetu na ujumbe: mwambie mtoto wangu aje. Mama yake baba ameita, na mama akiita unakwenda. Baba akaomba karanga, akavaa viatu vya kanisani, akaniambia nimfuate ili asiingie peke yake katika nyumba ya watu. Alikusudia kukaa dakika tano.

Sebule ile ilinuka samaki, kwa sababu mama wa msichana alifanya biashara ya samaki wa kukaushwa kutoka Bukama, na vikapu vilivyoshushwa kwenye treni vilipangwa ukutani mpaka siku ya soko. Tulipewa viti. Msichana alikuwa chini kwenye mkeka, maneti mkononi. Akagonga mkeka pembeni yake.

"Mwanami, unaikala kule juu ya nini? Kuya tucheze."

Mwanami ni "mwanangu" kwa Kiluba. Baba akacheka kidogo, akatazama mlango, akamtazama afisa, ambaye alikuwa kwenye kochi na fulana yake. Afisa akanyanyua mikono kama kusema, mimi sina la kufanya, mama yako ndiye anakuita. Baba akavua koti. Akakaa chini. Sijui kama mnanielewa: baba yangu alikaa chini, kwenye mkeka, akanyoosha miguu, na soksi yake moja ilikuwa na tundu.

Alishika maneti kama anavyoshika chaki. Dakika ya kwanza alifungwa goli. Ya pili akafungwa lingine.

"Haujue kitu," msichana akamwambia. "Nilikuzala bule!"

Baba akacheka. Sauti ilitoka tumboni, ikavunjika katikati, ikaendelea. Nilishtuka kama mtu anayemsikia bubu akiongea. Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja miaka kumi na miwili, na sauti ile sikuwa nikiijua.

Dakika tano zikawa alasiri nzima, na Jumamosi moja ikawa nyingi. Baba alijifunza. Aligundua kwamba ukimvuta golikipa wa mwenzio upande mmoja na kupiga haraka upande wa pili, huwezi kukosa. Alicheza kwa meno, tai imelegea, na hakumwonea huruma mtoto yule hata kidogo. Akifunga goli alimpigia makofi usoni. Akifungwa aligomba.

"Ile ni offside!"

"Offside gani, mwanami? Bantu batatu banafungwa pamoja. Nani atatangulia nani?"

"Minyi niko mwalimu, najua sheria."

"Na minyi niko mama yako. Goli iko goli."

"Weye uko mama mwizi!"

"Na weye mutoto wa kulialia!"

Afisa alijipigapiga mapaja kwa kicheko. Majirani walisimama barazani kuchungulia dirishani, wakichagua upande, wengine kwa mama, wengine kwa mtoto. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, magoti pamoja, nikibandua maganda ya karanga ambazo hazikuletwa kwa ajili yangu. Nilikula nyingi. Hiyo ndiyo ilikuwa vita yangu.

Nitasema ukweli kuhusu yule msichana, ingawa bado roho inasita: alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Aliona nimekaa. Baba akienda kuongea na afisa barazani, alinipa maneti, akanionyesha. "Usisukume na nguvu. Polepole. Sasa finya." Nilijifunza upesi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusoma kila kosa la baba kwa macho. Wiki chache baadaye nilikuwa namfunga yeye mwenyewe, na yeye akifungwa alifurahi, akaita watu waje waone. Nani anafurahi kufungwa? Nilimchukia zaidi.

Nilijifunza kwa ajili ya siku moja tu. Nilijiwekea moyoni kwamba baba ataniona, atashangaa, atakaa upande wangu wa mkeka, na tutagombana. Nilikuwa nimekwisha kuandaa matusi. Nilijua nitakachomwambia akidai offside.

Siku ilipofika ni msichana yuleyule aliyeileta. Baba alikuwa ameingia kutoka barazani, akakuta nimefunga goli na cheche zinawaka.

"Mwanami," msichana akamwambia, "mutoto yako anajua kukushinda. Cheza naye."

Baba alinitazama. Niliona uso wake ukivaa koti lake tena, kabla hajalichukua lile la kitini.

"Hapana, lolo. Batoto na batoto. Sisi tunaenda, jua inashuka."

Njiani alitembea mbele, mimi nyuma na kitambaa kitupu. Alikuwa akiimba kwa pua sauti ya tatu ya wimbo wa kwaya. Nilikuwa na machozi ya hasira, na nilikuwa na hakika ya jambo moja: si kwamba baba yangu hajui kucheza. Anajua sana. Ila kwangu hataki.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, nilimkuta msichana kwenye bomba la maji, ananawa mikono. Hakukuwa na mtu karibu. Nilikuwa nimejipanga tangu kanisani, wakati wengine wanasali.

"Ile jina unavaa," nikasema, "haiko ya nkambo yako tu. Ilikuwa ya dada yangu."

"Dada yako gani?"

"Mwenye alikufaka."

Akafunga bomba.

"Baba hakukuambia?" nikaendelea. Nilikuwa na utamu mdomoni, ninaukumbuka hadi leo. "Alikufaka mudogo. Baba haitake weye. Anatafuta ule."

Hilo la mwisho nililitunga palepale, ili liume. Sikujua kama ni kweli au si kweli, wala sikujali. Yeye hakulia. Aliuliza dada yangu alikufa na nini, nikamwambia surua, akauliza alikuwa anaanza kutembea? Nikasema ndiyo. Akafuta mikono kwenye sketi, akarudi darasani kabla kengele haijalia.

Mama yake alikuja kwetu siku iliyofuata na samaki wawili wakubwa wamefungwa kwenye gazeti, na mtu akikuletea samaki wakubwa bila sababu, ujue ana neno zito. Aliongea na mama jikoni. Mimi nilikuwa napeta mchele nje ya mlango na nilisikia kila kitu.

"Mama Mwalimu, siko na ubaya na bwana yako. Iko mutu muzuri. Lakini minyi niko na mutoto mumoja tu. Kumuita na jina ya mutoto mwenye alikufa, kila siku ya posho, kumuita 'mama, mama', hapana. Inaniogopesha. Bwana yangu anasema ni mambo ya bamama. Sawa, niko mama. Mwambie Mwalimu asimuite tena vile. Na kule ku masomo amuite na jina yake ingine."

Mama alishukuru kwa samaki. Alisema atamwambia. Mgeni alipoondoka, mama alitoka, akanitazama juu ya ungo, akarudi ndani.

Kesho yake asubuhi baba alifungua rejista. Alisoma majina kwa mwendo wake wa kawaida. Alipofika kwa msichana aliliruka jina lile, mtu asiyejua asingeona, akasoma jina la pili, lile la baba yake. Msichana akaitika, "Niko, Mwalimu." Kalamu ikaendelea kushuka. Hakupiga makofi. Nilikuwa nimeshinda, na nilisubiri furaha ije. Nilidhani imechelewa tu.

Jioni baba aliniita mezani, mahali anaposahihisha madaftari.

"Njo weye ulimuambia?"

"Ndiyo, baba."

Nilitazama mikono yake. Nilitamani anipige. Ningekuwa angalau nimepata kitu kutoka kwake ambacho hakikupita kwenye maneno ya sala.

"Ulisema kweli," akasema. "Ile jina ilikuwa yake." Kisha akavuta daftari lililofuata na kuanza kusahihisha.

Mama alinieleza mengine siku nyingine, bila mimi kuuliza. Alisema tangu kaburi la yule mtoto lifunikwe, baba hakuwa amelitamka jina la mama yake tena. Hata kanisani mtu mwenye jina hilo alimwita kwa jina la mumewe. Siku ya rejista ililazimika limtoke, kwa sababu lilikuwa limeandikwa. Na lilipotoka akaona hakuna aliyekufa. "Alikuwa anakuya kunihadisia mupaka goli," mama akasema, "kila posho, jikoni hapa, kama kijana." Sikuwa nikijua hilo. Kumbe hata jikoni alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nje nahesabu karanga.

Jumamosi zilizofuata baba alibaki nyumbani. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu kwamba akikosa kule atageukia huku. Hakugeukia popote. Alipiga pasi mashati yake, akanakili nyimbo za kwaya kwa mwandiko mzuri, akalala usingizi wa mchana. Nilimletea maji ya kunawa, nikapiga goti. Akashukuru. Alikuwa na adabu kwangu kuliko zamani, na adabu ile ilinitisha.

Ilipita miezi. Karatasi ya uhamisho ya afisa ikafika, na kabla hawajafunga mizigo alikuja mwenyewe kwetu na jipu, Jumamosi mchana, na fulana yake ileile.

"Mwalimu, mashine inalala. Kuya tuagane. Na mutoto akuye."

Baba alikataa mara mbili kwa heshima. Mara ya tatu alivaa viatu. Hakukuwa na karanga.

Vikapu vya samaki havikuwapo tena ukutani. Msichana alikuwa ameketi pembeni ya mama yake juu ya sanduku lililofungwa kamba. Alimsalimia baba kama wanafunzi wote wanavyomsalimia, "Bonjour, Mwalimu," na baba akajibu, "Bonjour, mwana."  Yule mama aliangalia pembeni. Nadhani alikuwa na aibu, lakini hakubadilisha neno lake.

Afisa hakupenda kuagana namna hiyo. Akawasha televisheni, akachomeka kaseti. "Basi Mwalimu acheze na mutoto yake. Huyu nasikia iko hatari." Akaweka maneti moja mkononi mwangu na nyingine mkononi mwa baba.

Baba hakukataa. Alikaa chini kwenye mkeka na koti lake mwilini. Nilikaa karibu naye kiasi kwamba nilinusa sabuni ya shati lake. Ndicho nilichokitaka tangu siku ya kwanza, kwa kila mfupa wangu.

Nilifunga goli haraka. Cheche zikawaka, afisa akashangilia. "Vizuri," baba akasema. Nikafunga la pili. "Vizuri sana." La tatu nilipiga kutoka mbali, pigo la kijinga, la mtu anayeanza, golikipa wa baba alikuwa palepale njiani. Nikamwona anasogezwa. Kidogo tu, hatua moja pembeni, na mpira ukapita.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa anatazama skrini kwa makini sana, kama anayesoma.

"Baba, cheza."

"Nacheza."

"Haucheze. Ile ungeidaka."

"Uko mutoto yangu," akasema polepole, ili wenye nyumba wasisikie. "Namna gani nikushinde?"

Basi nikafanya nilichoweza. Mpira ulipokuja kwake, niliwapeleka watu wangu wote watatu kwenye kona, nikawaacha huko. Golikipa wangu nikamsukuma mpaka ukingoni. Lango langu lilikuwa tupu, jeupe, kipofu angefunga. Baba aliwaleta wachezaji wake mpaka mbele yake. Nilisubiri apige, apige tu, anipigie makofi usoni, aniite mwizi.

"Mwalimu, lango iko wazi!" afisa akapiga kelele.

"Naona," baba akasema. Akaugeuza mpira, akaurudisha katikati ya uwanja.

Nilimwachia lango wazi mpaka mwisho. Yeye aliuzungusha mpira pale katikati, kushoto, kulia, watu wake watatu wakienda pamoja kwa upole, na mimi sikuwatoa wangu kwenye kona. Majirani waliokuwa dirishani waliona hakuna mchezo, wakaondoka mmoja mmoja. Juu ya mkeka wote wawili tulikuwa tunafinya vitufe visivyo na kazi. Mara moja tu nilimwona msichana, kwenye sanduku, mdomo wazi, mwili wote umeinama mbele, mikono yake inacheza hewani. Alikuwa anajua pa kupiga. Akakumbuka, akaikalia mikono yake.

Saa ya mashine ikaisha. Tatu kwa sifuri. Baba aliweka maneti chini, akasimama, akakung'uta suruali. Akaninyooshea mkono, namna alivyowanyooshea wanafunzi mwisho wa mwaka, siku majina ya waliofaulu yanaposomwa mbele ya wazazi.

"Hongera," akaniambia, akanipa mkono, akauachia.